Hamadi Yuko Kisimani

Mtu asiyejua kukaa ndiye aliyenifundisha kuandika, na kwa hiyo nami siwezi kumaliza mstari bila ya kuinuka kwenda kuchungulia chungu. Hata picha hii yake nimeianza na kuiacha, nikaianza tena, nikaenda kufagia ua ambao hauna hata jani moja. Lawama ni zake. Sisi wa Msambweni tulimwita Mwalimu tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake sitauchambua. Wenyewe wapo na wanajuana.

Alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta miaka yote ile ya hamsini, kabla hajahamishiwa Kwale. Yeye na mume wangu waliingia jandoni pamoja, kwa hiyo mimi kwake nilikuwa shemeji, na shemeji anaruhusiwa kusema. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye miwa huko Ramisi, akirudi Ijumaa, anaondoka Jumapili. Siku nyingine zote mwanamume niliyemsikia nyumbani alikuwa huyu wa upande wa pili wa ukuta, na nilichomsikia akifanya ni kutembea. Tapa, tapa, tapa, kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha kimya kidogo, kisha kiti kinaburutwa, kisha tapa, tapa tena. Nikimpigia ukuta kwa mwiko ananiambia, "Samahani shemeji, ni Hamadi."

Hamadi hakuwa mtu. Alikuwa mtu wa hadithi aliyokuwa akiitunga Mwalimu, hadithi ndefu, si kama hizi za sungura na fisi. Hamadi aliondoka kwao karibu na Vanga kwenda nyika kununua ng'ombe. Alipita Lunga Lunga, akakata pori, akashikwa na kiu, akafika kwenye kisima upande wa Kinango. Akakaa ukingoni mwa kisima kufunga ukanda wa kiatu chake. Basi. Hapo ndipo alipokaa. Masika ikaja ikaenda, Ramadhani ikaja ikaenda, mtoto wangu wa kwanza akaota meno na akaanza kuyang'oa, Hamadi yuko kisimani anafunga ukanda.

Mji mzima ulijua. Mwalimu akipita barazani kwa muuza kahawa, watu wakimsalimia kwanza yeye, halafu Hamadi.

"Hamadi hajambo, Mwalimu?"

"Hajambo."

"Ashainuka?"

"Bado, ndugu yangu. Bado."

"Maskini. Kufa kwa kiu na kisima ki mbele yako!"

Wakacheka, naye akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa ukichokoa ukingo wa kofia mpaka nyuzi zikatoka. Penye wengi pana mengi, kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka nyoka atoke kisimani. Mwingine alitaka wezi. Muuza kahawa mwenyewe alisema, "Mpe mke wa pili. Atainuka mwenyewe, tena mbio." Mwalimu aliyajaribu yote. Alimleta nyoka, nyoka akapita zake. Alileta wezi, wakamsalimia Hamadi wakenda. Hata huyo mke wa pili alikuja na ndoo, mzuri kweli, nami nilimpenda. Akateka maji akaondoka, kwa sababu Mwalimu hakujua la kumwambia.

Nataka nieleze namna alivyohangaika, maana watu hudhani mtu akishindwa kuandika hukaa akatazama ukuta. Huyu hakutazama ukuta hata siku moja. Alijitundikia kibao shingoni kwa kamba, akabana karatasi juu yake, akaandika huku anatembea ufukweni, utadhani muuza njugu. Alisema mawazo yamo miguuni. Jumamosi moja alitoka baada ya alfajiri akielekea kaskazini, akapita Gazi, akaendelea hadi Galu, akarudi jioni juu ya lori, kaungua na jua, midomo imepasuka. Nilimuuliza amepata nini. Akanionyesha kibao. Palikuwa na mistari miwili, na wa pili ameufuta.

Kisha akaja na jambo la mbuzi. Nakusudia mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye meno ya chuma mbele. Alisema kiti kinamlaza, mkeka unamlaza zaidi, anataka mahali pa kukaa ambapo mtu hawezi kujisahau. Akaja kuniazima mbuzi yangu, akaikalia kinyumenyume, chuma kikiwa nyuma yake, akaandika juu ya magoti. Mwanamume mzima, mwalimu wa serikali, juu ya mbuzi! Watoto walikuja kuchungulia uani. Mimi nimesimama na nazi mkononi, imeshavunjwa, maji nimeshakunywa.

"Mwalimu, nipe mbuzi yangu nikune nazi."

"Kidogo tu, shemeji. Naona anataka kuinuka."

"Anataka kuinuka yeye, na wewe inuka. Watu watakula nini?"

Akainuka. Hakuwa na ubishi kwa mambo ya chakula.

Karatasi alizochana nilizichukua mimi. Zilikuwa nzuri kuwashia moto, na nasema kweli, hadithi ile ilipika wali mwingi kabla haijafika popote. Vipande vilivyosalia bila kuchomwa nilivisoma baadaye, nilipokwisha kujua kusoma. Ukurasa mzima juu ya kamba ya kisima, ilivyosokotwa. Ukurasa mzima juu ya vilivyomo mfukoni mwa Hamadi: tambuu, kisu, ubani kidogo, uzi. Aliandika kila kitu kilichomzunguka mtu yule, na mtu mwenyewe hakumgusa.

Kinyozi hajinyoi. Huyo huyo Mwalimu alikuwa mkali darasani kuliko wote kwa insha isiyo na mwisho. Alikuwa akisema, "Insha bila mwisho ni nyumba bila paa," na mtoto aliyeishia njiani alisimama mpaka aseme mbele ya wenzake watu wake wamekwenda wapi. Na watu walipomjia kuandikiwa barua, hakukwama hata mara moja. Amekufa baba wa mtu huko Tanga? Mwalimu anakaa, ndiyo, anakaa kabisa, na kabla kahawa haijapoa rambirambi imekwisha, maneno yamepangika mpaka mwenye barua analia kwa kusomewa barua yake mwenyewe. Nilikuwa nikimtazama nikishangaa. Kifo cha mtu mwingine alikiandika kwa mkono mmoja.

Sasa niseme habari ya paa, maana bila ya paa mtu hamwelewi.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti kama zetu zote, lakini upande mmoja makuti yalikuwa meusi, yameoza, yamenyong'onyea. Upande huo ulivuja. Meza ya Mwalimu ilikuwa chini yake, na kila mvua ilipobadili nia naye aliiburuta meza: pembeni, mlangoni, karibu na kitanda, uani. Mtu mgeni angesema, mwalimu gani huyu, ana mshahara na hawezi kununua makuti? Lakini wenyeji tulijua. Upande ule ulikuwa wa kaka yake. Kaka yake ndiye aliyeuezeka kwa mkono wake, kisha akaenda askari, vita vya Bama, kupigana na Wajapani, akamwambia mama yao, "Yakioza haya nitakuwa nimerudi, nitakuezekea mengine." Vita vikaisha, waliorudi wakarudi. Yeye hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Basi matanga hayakuwekwa, hitima haikusomwa, na makuti hayakuguswa.

Mama yao tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mkali wa macho, na kila jioni baina ya magharibi na isha alikaa juu ya mkeka uani kusikiliza. Mimi nilikuwa nikiruka kiambaza, kile kiukuta kifupi cha ua, na mtoto mgongoni. "Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba mwanangu, kaa, tumsikilize ndugu yako." Mwalimu akasimama, maana hata kusoma alisoma amesimama, akasoma alichokiandika siku hiyo. Mwisho mama aliuliza swali lile lile.

"Hamadi amefika wapi?"

"Yuko kisimani, mama."

"Amekunywa maji?"

"Bado."

"Mwache apumzike. Njia ni ndefu."

Na Mwalimu alikunja karatasi zake akaenda kutembea.

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa niliumia. Akimrudisha Hamadi, atakuwa amemdanganya mama yake. Akimuua, atakuwa amemzika kaka yake pasipo kuambiwa na mtu. Basi alimketisha. Usidhani alikosa maneno yule mtu. Maneno alikuwa nayo ya kugawa. Alikuwa na msikilizaji mmoja tu ambaye yeye Mwalimu alimwogopa, naye alikaa mbele yake kila jioni anasubiri.

Mwaka mmoja masika iliingia na ghadhabu. Mvua ilipiga upande ule wa paa hadi ukafungua mdomo, maji yakamwagikia meza, karatasi zote zikawa uji wa wino. Nilimsikia Mwalimu anapiga meza kwa ngumi. Sikuwahi kumsikia hivyo. Siku iliyofuata hakwenda kutembea, alikaa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Jioni mvua ilikuwa imekatika, akaja uani na karatasi mpya, uso umekauka.

Alisoma. Hamadi alifunga ukanda, akanywa maji, akainuka! Nusura nipige kigelegele. Akaenda nyika, akanunua ng'ombe wanono, akarudi Vanga, mama yake akamwona kwa mbali, akakimbia na kanga imemwanguka. Mwisho mwema kabisa. Mwalimu alipomaliza, jasho lilikuwa likimtiririka.

Bi Mkubwa alinyoosha mkeka kwa kiganja. Halafu akasema, "Huyo si yeye."

"Si nani, mama?"

"Si Hamadi. Hamadi umemwacha kisimani. Huyu ni mtu mwingine umemwazima, umemvika nguo zake."

Mwalimu akaanza kutembea, hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi. Ua wenyewe ulikuwa mdogo. Mama akamwambia, "Simama. Unanitia kizunguzungu." Akasimama. "Unaniogopa?"

"Nakuogopa, mama."

"Unaogopa nini?"

"Neno hilo si langu kulisema. Wewe ndiwe mama. Usiposema wewe, mimi nani?"

Bi Mkubwa akamtazama kama ndiyo kwanza amwone. "Subhanallah. Na nani akwambiaye mwanamke hutangaza matanga? Matanga huwekwa na mwanamume wa nyumba. Baba yako hayupo, mwenye nyumba ni wewe. Miaka yote hii nilikuwa nakungojea wewe. Nasema, mwanangu amesoma, atalijua neno la kusema, atanisomea. Kila jioni naja nakaa hapa nalingojea."

"Nami nilikuwa nakungojea wewe," alisema Mwalimu.

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na mtoto wangu. Mtu hapaswi kuyaona mambo hayo. Lakini sikuondoka, na ningeondoka ningekuwa mjinga. Watu wawili, mlango mmoja, kila mmoja amesimama upande wake akimwachia mwenzake aufungue, na katikati yao wamemkalisha mtu asiye na kosa juu ya kisima!

Bi Mkubwa akavuta kanga yake mabegani. "Mzike, mwanangu," akasema. "Mimi nitalia, kisha nitapika."

Mwalimu akaniangalia. "Shemeji, mbuzi."

Nikaruka kiambaza nikamletea. Akaikalia pale pale, mbele ya mama yake, mgongo kwa chuma, taa ya kandili chini, akaandika. Hakuinuka. Hakuchana karatasi. Adhana ya isha ikalia, akaandika. Bi Mkubwa alikwenda akasali akarudi, akaandika. Kisha akasoma, na mara hii alisoma amekaa.

Sitayarudia aliyoyasoma, siyawezi. Nitasema tu kwamba Hamadi hakuuawa na nyoka wala wezi. Alikuwa mgonjwa tangu njiani na hakumwambia mtu. Alikaa kufunga ukanda, akaona afadhali apumzike, akaegemea jiwe. Wapita njia wakamkuta, watu wa nyika, hawamjui jina wala kwao. Wakamwosha kwa maji ya kisima kile kile, wakamzika wakielekeza uso wake walikoambiwa Waislamu huelekea. Mzee mmoja wao akasema, "Huyu ana mama mahali." Hapo Bi Mkubwa alilia.

Lo, alilia! Alikuwa amekiweka kilio kile tangu vita. Majirani walitoka mbio, wanawake wamejifunga vibwebwe, wanauliza uani, "Nani? Nani amekufa?" Nami nikajibu bila kufikiri, "Hamadi." Ingekuwa mji mwingine wangetuona tuna wazimu. Lakini wale walikuwa wakimjulia hali Hamadi kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Hamadi gani. Mwanamke wa kwanza akavua viatu, akakaa mkekani akamshika Bi Mkubwa. Mwalimu akatoka akaenda barazani, akatangaza kwa jina la kaka yake, jina lake halisi, ambalo mdomo wake haukuwa umelitaja miaka mingi. Matanga yakawekwa. Msikitini akasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, hitima ikasomwa. Muuza kahawa alileta kahawa ya bure na hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo sikulitegemea kwake.

Siku ya kuondoa matanga Bi Mkubwa aliinuka kabla yetu sote, akajifunga kanga, akaingia jikoni. Alituzuia tusimsaidie. Alipika wali wa nazi na papa, tukala. Kisha akamwita fundi wa makuti, akamwonyesha upande ule mweusi kwa kidole. "Toa yote," akasema.

Msidhani baada ya hapo Mwalimu alitulia. Nyumba ikawa haivuji na meza ikakaa mahali pamoja, lakini yeye aliendelea kutembea, na ukuta wangu uliendelea kuniambia. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa akifika. Alitunga hadithi nyingine na nyingine. Ile ya Hamadi haikuwa kitabu. Ilipita mkono kwa mkono hadi Vanga, ikachakaa, ikapotelea huko. Hakuisikitikia. Mtu akimlalamikia kwamba amekwama, barua, insha au shairi la harusi, hakumwambia atembee wala akalie mbuzi. Alimuuliza, "Unamwogopa nani asisikie?" Aliniuliza mimi hivyo, kwenye darasa la jioni la akina mama alilolianzisha, nilipokuwa nimeandika "Mume wangu" kisha penseli ikakataa. Nikamjibu, "Yeye mwenyewe, nani mwingine!" Wenzangu walicheka hadi machozi.

Kuelekea mwisho wa miaka ile alihamishiwa Kwale. Bi Mkubwa alikuwa ameshatangulia, kwa matanga ya kawaida, yaliyowekwa siku hiyo hiyo. Tukasikia Mwalimu anaumwa kifua na miguu imemvimba. Tulikwenda kumtazama, mimi na mume wangu, tukashuka Kombani, tukapata lori la kupanda mlimani. Kwale kuna upepo wa baridi, nami sikuupenda. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, na jambo hilo peke yake lilinikera. Mtu yule, kukaa! Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya mkono wa kiti, tapa, tapa, tapa.

Mume wangu alitoka kwenda kutafuta maziwa. Nikatoa karatasi nilizokuwa nimezifunga kwenye ncha ya kanga. Nilikuwa nimeanza kuandika habari zake yeye, Mwalimu, na haya mliyoyasoma mengi yake yalikuwemo, ya kibao, ya Galu, ya mbuzi. Nikamsomea. Alicheka akakohoa, akacheka. Nilipofika kwenye paa jipya nikakunja karatasi.

"Endelea," akasema.

"Zimekwisha."

"Hazijaisha. Umenikalisha tu."

Nikasema nina kazi nyingi, watoto, shamba, sina nafasi ya kukaa. Alinitazama, na nilijua amenikamata, maana uongo huo aliusema yeye kwa miaka.

"Unamwogopa nani asisikie, shemeji?"

Niliona miguu yake ile chini ya blanketi, nikatazama pembeni.

"Basi mimi nimeshasikia," akasema, pole pole, kama asemeshaye mtoto darasani. "Usiniache kisimani. Niandike mpaka mwisho. Utalia, kisha utapika."

"Sipiki," nikamwambia, kwa hasira, hasira ya kweli. "Mwalimu, wallahi sipiki!"

Akacheka tena. Mume wangu akaingia na maziwa, tukazungumza habari za mvua.

Alifariki kabla ya masika. Walimleta Msambweni wakamzika karibu na mama yake. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na siku ya kuondoa matanga niliinuka kabla ya wenzangu, nikaitoa mbuzi yangu uani, nikaikalia sawasawa, chuma mbele, nikakuna nazi.